Barua ya wazi kwa mameya na madiwani wa Dar es Salaam: anayekagua nyumba kabla haijauzwa awe na leseni ya halmashauri

Kwa Waheshimiwa Mameya, Madiwani na Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Nakala: Ofisi ya Rais – TAMISEMI.

YAH: LESENI KWA WAKAGUZI WA NYUMBA ZINAZOUZWA NA KUPANGISHWA

Waheshimiwa,

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi, watu wakiwa kwenye biashara zao. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Waziri Mkuu akaunda kamati ya watu 19 kukagua majengo yote ya Kariakoo. Miaka 11 nyuma, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Kila mara tunazika kwanza, ndipo tunakumbuka kukagua.

Barua hii haihusu maghorofa. Hayo yana wahandisi, yana makandarasi waliosajiliwa, yana bodi tatu za kitaifa za kuulizwa maswali, hata kama majibu huchelewa. Naandika kuhusu nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na sebule, ile ya Chanika, Mbagala, Goba, Kinyerezi au Kibada, ambayo leo hii inabadilisha mmiliki au mpangaji na hakuna mtu mwenye ujuzi na wajibu aliyeingia ndani kuitazama kabla pesa haijatoka mfukoni. Nyumba hiyo haiingii kwenye habari. Ukuta wa choo unamwangukia mtoto, au waya ndani ya dari unawaka saa nane usiku, na jambo linaishia mtaani.

Ninachowaomba ni kwamba mtunge sheria ndogo itakayomtaka kila anayelipwa kukagua nyumba kwa niaba ya mnunuzi au mpangaji awe na leseni ya halmashauri yenu, aliyoipata kwa kupimwa ujuzi. Uwezo mnao. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, Sura 288, inawapa mamlaka ya kutunga sheria ndogo.

Nafahamu mtaniuliza: kwani sasa hivi nani anakagua? Mtu akitaka kununua nyumba Dar es Salaam, siku hizi amejifunza kufuatilia ardhi. Anakwenda kufanya upekuzi wa hati kwa Msajili, anatafuta mwanasheria wa mkataba, anampitia mwenyekiti wa mtaa na majirani kuuliza kama kuna mgogoro. Akikopa benki, atakuja mthamini aliyesajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016, naye kazi yake ni kusema nyumba ina thamani ya shilingi ngapi sokoni. Hapandi darini. Mnunuzi anamaliza yote hayo akiwa na uhakika kwamba kiwanja ni cha muuzaji, lakini juu ya nyumba yenyewe hajui lolote. Hapo ndipo dalali humwambia, "Usijali, nina fundi wangu, aje aitazame."

Fundi huyo anakuja. Anapita vyumbani, anafungua bomba moja, anasema nyumba iko fiti. Analipwa na dalali, na dalali analipwa nyumba ikiuzwa. Simlaumu fundi, naye ana watoto. Lakini mpango mzima umekaa hivyo kwamba mtu pekee anayesemekana amekagua ndiye atakayekosa chakula akisema kweli.

Mimi ni fundi sanifu wa majengo. Watu wanaonifahamu huniita niwatazamie nyumba, na nimeshaona mengi. Nitaeleza moja tu. Dada mmoja muuguzi alikuwa anachukua nyumba Goba, upande wa mteremko, kwa mkopo wa SACCOS yao. Nyumba ilikuwa inang'aa: rangi mpya, jipsamu mpya sebuleni, vigae hadi barazani. Fundi wa dalali alishapita akasema haina neno. Nilianza na ukuta wa nyuma, unaotazama bondeni, nikaugonga kwa mpini wa nyundo. Chini ya dirisha plasta ililia utupu. Nilipokwangua rangi kidogo nikakuta waiti simenti imekandikwa ndani ya ufa uliotoka kwenye kona ya dirisha ukashuka kwa mshazari hadi kwenye msingi, na ufa wenyewe ulikuwa unaingia ukingo wa sarafu. Jirani wa chini alikuwa amechimba udongo kupanua kiwanja chake bila kujenga ukuta wa kuzuia, na kona ile ya nyumba ilikuwa imeanza kumfuata. Darini nilikuta njia za mchwa zimepanda kwenye kenchi tatu za paa, na nyaya za umeme zimeungwa kwa kuzungushiwa nailoni, zimelazwa juu ya mbao hizo hizo. Kwenye meni swichi hapakuwa na waya wa kwenda ardhini.

Dada yule hakununua. Kinachonikosesha usingizi ni kilichofuata: haikuchukua muda nyumba ile ikauzwa kwa mtu mwingine, waiti simenti ikiwa imerudishiwa na rangi juu yake. Nilichokiona kilibaki kwenye simu ya dada yule, kwenye picha nilizomtumia. Aliyenunua hakuwa na pa kuzipata. Mwenyekiti wa mtaa hakuwa nazo, halmashauri haikuwa nazo, na mimi sikuwa na mamlaka ya kumwambia mtu yeyote. Familia inalala mle.

Wapo watakaosema mnunuzi awe makini mwenyewe. Umakini wa muuguzi, wa mwalimu au wa mama wa mgahawa haumwonyeshi kama nondo za nguzo zimeoza ndani ya zege. Na hapa nigusie maboma, yaani nyumba ambazo ujenzi wake haujaisha, maana watu wengi wa jiji hili hununua boma wakalimalizia. Boma lililokaa miaka kwenye upepo wa bahari na nondo zake zikiwa wazi juu ya nguzo huwa limeshaliwa. Mnunuzi anaona amepata msingi wa bei nafuu, anapandisha ghorofa moja juu ya msingi uliochimbwa kwa nyumba ya chini. Mtu wa kumwambia asifanye hivyo anahitajika siku ile anayolipa, kabla hajaanza kupandisha.

Kuna hili pia. Gari lililotumika kutoka Japani haliingii barabarani kwetu bila kukaguliwa kwa viwango vya TBS, na gari hilo linaweza kuwa la shilingi milioni 12. Nyumba ya milioni 80, ambayo mtu anaiwekea akiba ya maisha yake yote, tunaipitisha kwa macho.

Wala wazo la kumpa fundi leseni kwa ngazi ya ujuzi wake si geni hapa nyumbani. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja, wa mitambo mikubwa mbali na wa nyumba ndogo mbali, na anayeomba kuunganishiwa umeme na TANESCO anatakiwa awe amefungiwa nyaya na mtu mwenye leseni. Tatizo ni kwamba baada ya siku ile ya kuunganishwa hakuna anayerudi. Mwenye nyumba anaongeza chumba cha nje, anaongeza kiyoyozi, anaongeza mashine ya maji, na nyaya ni zile zile. Mkaguzi ninayemzungumzia ndiye atakayerudi, nyumba inapobadilisha mikono.

Kwa nini iwe halmashauri, isiwe bodi ya kitaifa? Bodi ya wahandisi na ya wabunifu majengo zina kazi yake, na mhandisi aliyesajiliwa ana haki ya kukagua nyumba yoyote. Lakini ni wahandisi wangapi watakwenda Msongola kutazama nyumba ya vyumba viwili kwa pesa ambayo mnunuzi wa huko anaweza kuilipa? Kazi hii inamhitaji fundi sanifu na fundi mchundo mwenye uzoefu, na hao ninyi ndio mnaishi nao. Faili la kibali cha ujenzi liko kwenu. Ramani ya mipango miji iko kwenu. Mnajua bonde la Msimbazi linapofika maji yakijaa, kwa sababu mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu, waliohamishiwa Mabwepande walitoka kwenye kata zenu.

Nimesoma jinsi wenzetu walivyofanya, na mfano ulionigusa zaidi ni wa Marekani kwa sababu kule majimbo hayafanani. Texas ilianza kutoa leseni kwa wakaguzi wa nyumba miaka ya 1980, na inamtaka mkaguzi awe na bima ya dola 100,000 ili akikosea mteja asibaki mikono mitupu. California haina leseni kabisa, lakini sheria yake inamkataza mkaguzi kufanya matengenezo kwenye nyumba aliyoikagua hadi ipite miezi 12, maana ukimruhusu kukagua na kutengeneza, kila nyumba itakuwa na ubovu anaouweza yeye. Jimbo la Minnesota nalo halitoi leseni hiyo, ila jiji la Minneapolis halikusubiri jimbo. Linawapa leseni watathmini wake lenyewe, na nyumba inapowekwa sokoni ripoti ya mtathmini inatakiwa iwepo kwa wanunuzi wanaokuja kuitazama. Ni jiji limefanya hivyo, ndani ya nchi yenye bodi na sheria nyingi kuliko zetu.

Uingereza inatufundisha upande wa pili. Serikali kule ilipanga kwamba kila nyumba inayouzwa Uingereza na Wales iwe na ripoti ya hali ya nyumba, watu wakaanza kujifunza kazi hiyo kwa pesa zao. Mwaka 2006, kabla mpango haujaanza, serikali ikaondoa ulazima wa ripoti hiyo. Waliosomea wakabaki na ujuzi usio na mteja, na bahasha nzima ya taarifa za nyumba iliyoanza 2007 ikasimamishwa mwaka 2010. Kwa hiyo mkitoa leseni na msiweke mahali ambapo ripoti ya mwenye leseni inatakiwa, mtakuwa mmewauzia vijana karatasi. Mahali hapo mnapo: mauziano ya nyumba yanapopita kwenye ofisi zenu za mitaa na kata kwa ushuhuda, ripoti iambatanishwe.

Sasa niseme mambo ninayoyaogopa, maana leseni mbaya ni afadhali isiwepo.

La kwanza kabisa ni pesa. Waheshimiwa Wakurugenzi, nawaomba kwa heshima zote, ada ya leseni hii isiingizwe kwenye malengo ya mapato ya ndani. Siku itakapowekewa lengo, mtihani utalegezwa ili watu wengi walipe, na tutabaki na stika ukutani na mchwa darini. Ada itoshe gharama ya kumpima mtu na kutunza daftari, basi. Leseni ya biashara ya kawaida mnayo tayari, na haimpimi mtu kama anajua ufa wa plasta na ufa wa msingi vinatofautianaje.

La pili ni mafundi wetu wasio na vyeti. Wapo wazee wa kazi mtaani ambao wakiushika ukuta wanakwambia mchanga wake ulikuwa na chumvi. Wakiachwa nje kwa sababu hawakupita chuo, tutakuwa tumewapoteza walimu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utumieni huo: mtu apewe nyumba halisi yenye kasoro zinazojulikana, aikague, aandike au aeleze kwa mdomo alichokiona, apimwe kwa hicho.

La tatu ndilo zito kuliko yote, nalo nitalikalia kidogo. Sehemu kubwa ya jiji hili imejengwa bila kupimwa na bila kibali. Kama ripoti ya mkaguzi itageuzwa kuwa ushahidi wa kumtoza faini mwenye nyumba au kumwekea alama ya X ya kubomolewa, hakuna atakayefungua mlango. Watu wa Dar es Salaam wanaijua X nyekundu. Waliiona bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015, wakaiona tena kando ya Barabara ya Morogoro kutoka Kimara mwaka 2017. Nimewahi kufika kwenye nyumba inayouzwa ambayo ukuta wa mbele tu ndio uliopakwa rangi upya, na jua la jioni lilipoupiga kwa pembeni, mistari miwili ya brashi pana ilionekana ikikatizana chini ya rangi. Mnunuzi alikuwa ameshatoa malipo ya awali.

Mtu anayeficha hivyo haogopi mkaguzi, anaogopa tingatinga. Kwa hiyo sheria ndogo iseme wazi: ripoti ni mali ya aliyeilipia, na halmashauri itabaki na nakala kwa ajili ya mnunuzi au mpangaji ajaye tu. Haitatumika kwenye kibali wala kodi ya majengo. Itoke nje ya hapo kwa sababu moja, mkaguzi akiona hatari ya kuua, mathalani nguzo imepasuka au ukuta umeinama juu ya njia ya watoto. Hapo awe na wajibu wa kutoa taarifa siku hiyo hiyo, na akinyamaza anyang'anywe leseni.

Wakati huo huo alama peke yake haiokoi mtu. Jengo lililoanguka Huruma, Nairobi, tarehe 29 Aprili 2016 lilikuwa limeshaandikwa libomolewe. Watu waliendelea kuishi humo na karibu 50 walikufa. Ukijiuliza kwa nini mtu alale kwenye jengo lililokwisha kuhukumiwa, mtazame mpangaji wa hapa kwetu. Ametoa kodi ya miezi sita, wakati mwingine ya mwaka mzima. Ametoa ya mwezi mmoja kwa dalali. Amelipa na kirikuu ya kuhamisha vitu. Hata ukimwandikia X kitandani, hana pesa ya kuanza upya. Ndiyo maana nasema kwa nyumba za kupanga, mwenye nyumba ndiye alipie ukaguzi, ripoti ikae miaka miwili na kila anayekuja kupanga aisome kabla ya kulipa, na nyumba ikionekana baadaye kwamba ni hatari, kodi iliyobaki irudishwe. Kwenye kuuza, mnunuzi ndiye alipe, ili mkaguzi ajue mwajiri wake ni nani.

Mengine ni ya kawaida na hayahitaji maneno mengi. Mwenye leseni asipokee chochote kutoka kwa dalali wala muuzaji. Asitengeneze nyumba aliyoikagua, kama ilivyo California. Namba yake iandikwe kwenye kila ripoti, na daftari la wenye leseni, pamoja na waliofutiwa na sababu zake, liwe mtandaoni na kwenye ubao wa kila kata. Bima ya dola 100,000 hapa haiwezekani kwa fundi mmoja mmoja, lakini mafundi wakiwa kwenye ushirika wanaweza kukata bima ya pamoja. Fomu ya ripoti iwe ya kurasa chache, kwa Kiswahili, na itaje vitu kwa majina yake: msingi, nyufa, mkanda wa zege juu ya kuta, kenchi, bati, nyaya na meni swichi, chemba, umbali kati ya shimo la maji taka na kisima, na maji ya mvua yanakoelekea. Mpangaji aweze kuisoma akiwa amesimama uani.

Na mkaguzi aruhusiwe kuliona faili. Hili nalisisitiza kwa sababu bila hilo hata fundi bora anafanya kazi nusu. Kama kibali kilikuwa cha nyumba ya chini tu na leo ina ghorofa, faili la kibali mnalo ninyi, na anayepaswa kulijua ni yule anayetaka kulala humo.

Kuhusu rushwa, najua mtaambiwa kwamba leseni italeta mtu mwingine wa kuhongwa. Anayehongwa leo hana jina, hana namba, na kesho hakumbukwi. Mwenye leseni ripoti yake inabaki, na ukuta ukianguka baada ya miezi mitatu tunaitoa tunasoma aliandika nini. Mtu anayejua hivyo ataandika kwa uangalifu zaidi, hata kama si malaika.

Sidai mwanze na jiji zima. Kila halmashauri ichague kata mbili, moja iliyopimwa na moja isiyopimwa, maana matatizo yake hayafanani. Kamati zenu za Mipango Miji na Mazingira ziandae rasimu, na kabla haijafika kwenye baraza ibandikwe kwenye ofisi za mitaa, waitwe mafundi, madalali, wenye nyumba na wapangaji waisome na kuipinga panapostahili. Mimi nitakuja kwenye kikao cha kata yangu na fomu ya ripoti niliyokwisha kuiandaa, muichane au muichukue.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sanifu wa majengo, mkazi wa Dar es Salaam